Nimeonja blendi mpya ya Scotch ikanichoma koo, nimpelekee baba mkwe ama niiache?

Msomaji wa Kisumu ameniandikia hivi: "Mwalimu, habari. Nilinunua Scotch mpya ya blendi, yaani wiski ya Scotland ya kuchanganywa, imeingia juzi juzi, boksi safi, lebo haina miaka. Desemba naenda ukweni Kakamega na baba mkwe ni mtu wa Black Label, hana mchezo. Jumamosi saa tisa tukitoka kula samaki na mabeshte nikasema wacha nionje kwanza. Aki ilinichoma mpaka machozi, na hizo vanila na matunda wameandika nyuma sikuziona. Beshte mmoja akasema blendi ni takataka ya singo molti, mwingine akasema nimeharibu kwa kuweka soda. Ni mbaya ama ni mimi?"

Ni wewe, ndugu yangu. Chupa bado haina kesi.

Hebu angalia vile ulifanya. Saa tisa mchana Kisumu, jua lile la kupasua mabati, umetoka kula samaki na najua samaki huliwa vipi huku, kuna pilipili na kuna ndimu, halafu ukamwaga kwa glasi ya soda, na nashuku hata hiyo chupa ilikuwa imetoka kwa buti ya gari. Angalau ilikuwa wikendi na sheria ya Mututho ya 2010 inaruhusu baa kuanzia saa nane, kwa hiyo hapo hatukushiki. Lakini pilipili na pombe zinabisha mlango mmoja mdomoni, ule wa kusikia moto, kwa hiyo ukishakula pilipili mlango uko wazi tayari na toti ya kwanza inaingia kama kaa la moto. Hiyo haikuwa ladha ya wiski, ilikuwa samaki anakukumbusha yuko.

Joto nalo. Wiski ya asilimia 40 ikiwa kwa joto la nyuzi 30 pombe yake inapaa haraka sana, inafika puani kabla ya kitu kingine chochote, unanusa spiriti peke yake. Wale jamaa wa Scotland wanaoandika vanila na matunda nyuma ya chupa wanaonjea kwa vyumba baridi kama Molo mwezi wa saba. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta miaka 18, kwanza Nakuru halafu hapa Kisumu, siku hizi nafunza vijana wa baa, na kitu kilichonishangaza nilipohama ni kwamba wiski ile ile niliyokuwa nauzia watu Nakuru jioni ya baridi wakifurahi, huku wateja walikuwa wanakunja uso. Nilidhani tumeletewa feki. Kumbe ni hewa tu. Siku hizi nawaambia vijana wangu wasiweke chupa ya wiski kwa ile rafu ya juu karibu na mabati na karibu na taa, iwekwe chini kwa kivuli, na kama ni mchana wa jua glasi ipitishwe kwa friji dakika kumi. Glasi, sio chupa kulala usiku mzima huko, ikiwa baridi sana harufu inajifungia ndani.

Sasa nije kwa huyo beshte wa takataka, maana hiyo story naisikia kila wiki na inaniudhi kidogo.

Wewe uko Kisumu, busaa unaijua. Unajua kimea, nafaka inaloweshwa, inaota, inakaushwa, halafu ndio inageuza uji kuwa pombe. Wiski ya kimea ya Scotland inaanza hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanatumia shayiri mahali sisi tunatumia wimbi. Wakishapata hiyo pombe yao wanaipika kwa chungu kikubwa cha shaba, mvuke unapanda, unapoa, unadondoka, kawaida mara mbili. Mtu yeyote aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa kando ya mto hahitaji mchoro hapo. Ikitoka kwa mtambo mmoja tu, shayiri tupu, ndio inaitwa singo molti. Chungu kinafanya kazi pole pole na kinaacha mafuta mafuta na ladha nzito ndani, ndio maana mtambo huu na ule wa ng'ambo ya mto zinaweza kutoa vitu tofauti kabisa.

Halafu 1830 akatokea Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa afisa wa ushuru Ireland (eti mtu wa ushuru, ungedhani angekuwa anavunja mitambo), akasajili mtambo mrefu kama mnara ambao haupoi, pombe inaingia huku spiriti inatoka kule mchana na usiku, na inaweza kutumia ngano au mahindi na kimea kidogo tu. Inayotoka ni laini, nyepesi, tamu kidogo, haina makelele. Hiyo ni wiski ya nafaka. Blendi ya Scotch ni kuchanganya hizo mbili, za kimea kutoka mitambo mingi na za nafaka, na ya nafaka mara nyingi ndio inachukua zaidi ya nusu ya chupa. Chupa moja inaweza kuwa na wiski 20, 30, hata 40 ndani.

Kwa hiyo sio takataka, ni mchuzi. Hakuna mtu anasema pilau ni takataka ya iliki.

Na kuna sababu walianza. Zamani ukinunua wiski ya kimea pipa hili linakuja na moshi, lingine limelala, lingine kali kama wembe, mteja hajui atapata nini. Wenye maduka ya vyakula ndio walichoka na hiyo kelele, watu waliozoea kuchanganya majani ya chai ili chai ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. John Walker mwenyewe, yule wa Black Label, alianza na duka Kilmarnock, Scotland, 1820. Andrew Usher wa Edinburgh naye anatajwa sana kwa habari ya kuchanganya, na 1860 sheria ya Uingereza ikaruhusu kuchanganya za kimea na za nafaka hata kabla ya kulipia ushuru, hapo biashara ikafunguka. Miaka michache baadaye mdudu akala mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, na blendi zikakuta viti vitupu kwa baa. Kazi ya mchanganyaji mpaka leo ni ile ile, Black Label ya baba mkwe wako ya Kakamega ifanane na aliyokunywa siku ya harusi yako, ingawa mapipa yaliyotumika siku ile yalishaisha. Jaribu kufanya hivyo na mapipa elfu yasiyofanana halafu uje uniite takataka.

Hiyo lebo isiyo na miaka isikutishe pia. Sheria yao ya 2009 inasema Scotch yoyote lazima ikae kwenye pipa la mwaloni, hukohuko Scotland, si chini ya miaka 3, na isishuke chini ya asilimia 40. Miaka ikiandikwa ni ya ile changa kuliko zote ndani ya chupa, kwa hiyo Black Label ikisema 12 maana yake hakuna hata tone la miaka 11 humo, na pengine kuna wakubwa. Isipoandikwa, basi kuna changa mle ndani na hawataki kuzitaja, ambayo sio dhambi, ila bei ikiwa karibu na ya wenye 12 mimi ningeuliza maswali. Rangi usiifuate kabisa. Wanaruhusiwa kutia karameli, blendi iliyokoza kama chai ya rangi inaweza kuwa ndogo kuliko ile iliyopauka kama mkojo wa asubuhi, samahani kwa mfano.

Haya, sasa kuna jambo ambalo nadhani hujaliona. Umeshafungua hiyo chupa. Ukweni hupeleki chupa iliyofunguliwa, hata kama umekunywa kifuniko kimoja, mzee ataona na hatasema kitu na hiyo ni mbaya kuliko akisema. Kwa hiyo swali la kama umpelekee HIYO limejijibu, hiyo ni yako. Swali lililobaki ni kama ununue nyingine kama hiyo umpelekee, na una muda mpaka Desemba wa kujua. Chukulia hiyo iliyofunguka ni daftari.

Kosa kubwa ambalo watu wanafanya na wiski mpya, na mimi nilifanya miaka mingi, ni kuionja peke yake. Ulimi haukumbuki. Ukionja kitu kipya peke yake ulimi unasema moto, tamu, chungu, basi, umeishiwa maneno. Ukikiweka kando ya kitu unachokijua ndio unaanza kusema aah, hii ni nyepesi kuliko ile, hii haina moshi, hii inakaa kooni muda mrefu. Kwa hiyo tafuta Black Label, hata chupa ndogo, kwa sababu hiyo ndio rula ya mzee. Usitumie Jameson kulinganisha, hiyo ni ya Ireland na ni dada wa mbali. Red Label pia ni sawa kama mfuko umekauka ila kumbuka hiyo imetengenezwa ikichungulia soda tangu mwanzo.

Fanya jioni, jua likishazama, ukiwa umekula kitu cha kawaida saa moja hivi imepita, ugali na sukuma sawa, hakuna pilipili, hakuna sigara, usipige mswaki saa hiyo. Glasi mbili zinazofanana, ndogo za mvinyo zenye mdomo ulioingia ndani ndio nzuri, ile ya soda inatawanya harufu yote. Mwambie mama watoto akumwagie, kidogo kidogo, nusu toti kila moja, wewe ukiwa nje, na asikuambie ipi ni ipi. Hii sio mchezo wa watoto. Mimi nimeona watu wazima wakisifu chupa ya bei ndogo kwa sababu imemwagwa kutoka kwa boksi lenye dhahabu.

Nusa kwanza. Usitumbukize pua, weka glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, pandisha pole pole mpaka harufu ianze halafu simama hapo. Nenda kwa ya pili. Rudi. Usitafute vanila. Tafuta vitu unavyovijua, kwa sababu yale maneno ya nyuma ya chupa yaliandikwa na mtu aliyekulia kwingine na kumbukumbu zake sio zako. Mimi nikinusa blendi iliyokaa kwa mapipa yaliyotoka Marekani yakiwa yamelaza bourbon, wiski yao ya mahindi, nasikia ndizi iliyoiva sana, maganda ya nazi, na ile harufu ya duka la fundi seremala. Ikipita kwa mapipa ya mvinyo wa sheri kutoka Hispania nasikia zabibu kavu na keki ya Krismasi. Na moshi, hapo watu wa Bonde la Ufa wananishinda. Nilikuwa na mteja Nakuru, mzee wa Kalenjin, hakuwa ameonja wiski ya moshi maisha yake yote, nikampa akanusa akasema "hii imekaa kwa sotet". Mursik! Yule mzee alisikia mkaa ule wa kwenye kibuyu cha maziwa kabla hata hajaonja, na mimi kwa miaka sita nilikuwa nasema "moshi" tu kama kasuku. Moshi wa Scotch unatoka kwa piti, ule udongo mweusi wa vinamasi unaochimbwa na kukaushwa, ukichomwa chini ya kimea kinachokauka. Kisiwa cha Islay ndio kinajulikana sana kwa huo. Black Label ina moshi kidogo kwa nyuma, na kama mzee anaipenda basi labda ndio anaoufuata hata kama hajawahi kuutaja.

Halafu onja. Mdomo wa kwanza hauhesabiki, hiyo ni salamu, zungusha mdomoni ulimi uzoee, meza. Subiri. Wa pili ndio wa kuuliza maswali, inaanzia wapi, inaisha lini. Kile kinachobaki baada ya kumeza ndio mimi naangalia zaidi, blendi changa mara nyingi inakuja na utamu mzuri mbele halafu inakatika ghafla kama stima na inabaki uchungu wa mbao. Nzuri inaondoka pole pole.

Sasa maji, ambayo najua wazee wengine wanasema ni kuharibu. Si kuharibu. Toti ya mililita 30 ya asilimia 40, ukiongeza kijiko kimoja cha chai cha maji inashuka mpaka kama 34, na hapo moto unapungua na harufu zilizokuwa zimejificha zinatoka. Ukiongeza maji kiasi cha wiski yenyewe inafika 20, na hapo ndipo wachanganyaji wengi hunusia wakiwa kazini, kwa hiyo ukiona mtu anakucheka kwa kuweka maji mwambie yule aliyeitengeneza aliweka mengi zaidi yako. Watafiti wawili wa Sweden walipiga hesabu kwa kompyuta 2017 wakaonyesha kwamba guayakoli, moja ya zile kemikali zinazoleta moshi, inakaa juu juu ya glasi pombe ikipungua na inazama ndani pombe ikiwa nyingi. Yaani maji yanaileta karibu na pua yako. Maji yenyewe yawe matulivu, ya chupa, mimi natumia Keringet kwa sababu inatoka kwetu upande wa Molo na nina upendeleo, ya mfereji yenye klorini hapana.

Na soda? Beshte wako wa pili ana nusu ya haki. Kama ulikuwa unataka kuijua, soda ilikuficha. Kola ina sukari nyingi sana, inaweza kufunika wiski ya bei yoyote. Tangawizi ile kali inafunika na kuchoma juu yake. Lakini kama ulikuwa unataka kuinywa tu Jumamosi na watu wako, hakuna kosa, blendi nyingi zinaundwa zikijua zitakutana na barafu na soda, na hiyo ni sehemu ya mtihani. Kwa hiyo jioni nyingine, sio ile ile, glasi ndefu, barafu mpaka juu, toti moja, soda ya maji isiyo na sukari mara tatu yake, kipande cha ndimu. Blendi dhaifu inapotea hapo unabaki na maji yenye pua. Ikibaki na sauti yake ndani ya barafu yote hiyo, umenunua kitu. Kusema ukweli kwa joto la Kisumu hivi ndivyo mimi mwenyewe nakunywa wiski siku nyingi, na nina chupa za bei mbaya nyumbani.

Jioni ya tatu ni ya kuonja tena, ila iache kwanza zipite wiki mbili. Chupa ikishafunguliwa hewa inaingia na ile ncha kali ya mwanzo mara nyingi inatulia. Simamisha chupa, usiilaze kama mvinyo, kifuniko kikikaa ndani ya pombe kinaharibika, na iweke mbali na dirisha. Haitakomaa humo ndani, kukomaa kuliishia kwa pipa, lakini miezi kadhaa itakaa salama.

Kitu kimoja kabla sijasahau, hakikisha ni ya kweli. Mimi miaka ya nyuma nilinunua katoni kwa muuzaji mmoja wa jumla, bei tamu, mihuri yote iko, na mteja wangu wa kila siku alikunywa mdomo mmoja akarudisha glasi bila neno. Nilimwaga katoni nzima. Tangu hapo naskani stempu ya ushuru ya KRA kwa ile apu ya Soma Label kabla pesa haijatoka mfukoni, na naangalia lebo imeandikwa Scotch Whisky wazi wazi, sio "ladha ya Scotland" sijui "mtindo wa Scotch". Kuandikwa kwamba imejazwa nchi nyingine sio feki lazima, blendi inaruhusiwa kusafirishwa kwa wingi ikajazwe kwingine, singo molti ndio hairuhusiwi. Na chupa ikiisha chana lebo, kuna watu wananunua hizo tupu na sio za kuweka maziwa.

Sasa Kakamega. Ningekuwa wewe ningebeba mbili. Black Label iliyofungwa, hiyo ndio heshima, anaijua na hana haja ya kujaribiwa mbele ya wageni. Hiyo mpya, kama imepita jioni zote tatu, iende kama ya pili, imefungwa pia, na usimsifie. Usimwambie ina ndizi. Useme tu "Baba, nilionja hii nikakukumbuka," umwachie. Ikifeli kwenye barafu usiibebe, kunywa na soda na mabeshte na ununue kuku wawili na hiyo pesa.

Na kabla ya hayo yote muulize mama watoto babake anakunywaje. Hilo ndilo ningelifanya kwanza. Wazee wengi wa huko juu ambako jioni kuna baridi ya mvua wanakunywa wiski na maji moto kutoka kwa flaski, nusu kwa nusu, na maji moto yanafanya kitu tofauti kabisa na barafu, yanainua kila kitu, utamu na moshi na makosa pia. Nimeona blendi iliyokuwa sawa kabisa na soda ikinuka gundi kwa maji moto. Kama mzee ni wa flaski, basi chemsha maji leo jioni, glasi mbili, ile yako na Black Label, na umpe binti yake anuse ya kwanza.